Sydney hadi Santiago, Saa Kumi na Mbili na Dakika Arobaini

Kamachumu, Muleba
3 Juni 2025

Kwako Zuena Hamidi,

Huenda umesoma jina langu nyuma ya bahasha ukataka kuitupa. Ni mimi, Bartholomayo Rugemalira, niliyekufundisha Jiografia kidato cha tatu mwaka 1981. Sasa nina miaka themanini na mitatu. Moyo umechoka. Juzi daktari alizungumza na mkwe wangu Annastella hapa hapa mbele yangu, wakijua sisikii. Kweli sisikii, lakini nyuso naziona.

Masikio hayo ndiyo yaliyonizuia kukupigia simu. Annastella alitaka akuandikie ujumbe kwa simu yake, nikakataa. Maneno haya lazima yatoke mkononi mwangu.

Nina jambo la kuungama. Kwa padri nimeshakwenda, akaniandikia kwenye karatasi: "Mwalimu, mimi nimesikia, lakini aliyekosewa si mimi."

Unaukumbuka mtihani ule. Shule ilikuwa imepewa nafasi moja tu: atakayeongoza Jiografia angepelekwa, akimaliza kidato cha nne, kusomea kazi za viwanja vya ndege. Wewe na Avit, mtoto wa dada yangu, mlikuwa sawa hadi swali la kumi. Swali hilo nililitunga mimi, nikawapa siku mbili za kulifanya: ndege inaruka kutoka Sydney, Australia, hadi Santiago, Chile, bila kutua, kwa mwendo wa kilomita mia tisa kwa saa. Tafuta umbali mfupi kuliko yote, na muda wa safari.

Jibu langu nililipima kwa rula kwenye ramani ya ukutani, ile iliyoweka Afrika katikati. Sydney ilikuwa ukingo wa kulia, Santiago upande wa kushoto. Rula yangu ikavuka Bahari ya Hindi, ikapita kusini mwa Afrika, ikavuka Atlantiki. Kilomita elfu ishirini na mia tano, karibu saa ishirini na tatu. Avit akapata hivyo hivyo, kwa rula hiyo hiyo. Wewe uliandika kilomita elfu kumi na moja na mia nne, saa kumi na mbili na dakika arobaini. Tena ukaongeza kwamba ndege itapita upande mwingine kabisa, juu ya Pasifiki, ikishuka kusini karibu na barafu. Nikakupa sifuri. Avit akaenda.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu, nilisoma gazetini habari za safari ile nikaona kwamba ulikuwa sahihi. Lilikuwa kosa la mtu aliyetunga swali kwa haraka. Naomba unisamehe, niondoke nikiwa mwepesi.

Wako,
B. Rugemalira


Miembeni, Bukoba
9 Juni 2025

Mzee Rugemalira,

Shikamoo. Barua yako ilikuja na basi la asubuhi. Nilikuwa na suruali ishirini na nane za kukata siku hiyo, na sikukata hata moja.

Nakujibu kwa mkono kwa sababu wewe umeniandikia kwa mkono. Unaandika vizuri bado. Lakini umeungama nusu, na nusu yenyewe ni ile isiyouma.

Hukuandika kwamba siku uliporudisha karatasi, mkaguzi kutoka mkoani alikuwa amekaa nyuma ya darasa. Hukuandika kwamba nilinyoosha mkono, nikaja mbele na mpira wa miguu niliouazima stoo ya michezo, ule ule niliopimia jibu langu, nikiwa nimeuchora miji miwili kwa wino. Nilikuwa na futi ya baba, ile ya kitambaa aliyokuwa akipimia nguo. Nilitaka kuonyesha tu. Nilisema, "Mwalimu, naomba nizungushe futi hapa, uone." Nawe ukasema, na kila mtu akasikia:

"Zuena, dunia si kiuno cha mteja wa baba yako."

Darasa lilicheka mpaka mkaguzi naye akacheka. Kuanzia siku hiyo hadi namaliza kidato cha nne sikuitwa Zuena tena. Niliitwa Kiuno. Bwenini, kwenye foleni ya uji, mpaka na mpishi. Nilimaliza shule nikaketi kwenye cherehani ya baba, Mungu amrehemu, na nipo hapo mpaka leo. Viuno nimevipima vya kutosha, mzee. Hata vya wanafunzi wa shule yako, maana sare zao nazishona mimi mwaka wa ishirini na mbili huu. Na sijawahi kupima kiuno kwa rula.

Kuna kitu kingine ambacho hukuandika. Jioni ile ile nilikwenda kurudisha mpira. Stoo ilikuwa nyuma ya ofisi ya mkuu wa shule. Nilipita dirishani. Ulikuwa ndani peke yako na tufe la shule, lile lililokuwa likifungiwa kabatini, na uzi mwekundu. Ulipima mara ya kwanza. Ukapima mara ya pili. Kisha ukakaa chini ukashika kichwa.

Jina la mshindi lilipelekwa mkoani Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Kwa hiyo gazeti la kustaafu usiniandikie tena.

Ukitaka msamaha, utafute ulipouachia. Ulinikosea mbele ya darasa.

Zuena Hamidi


Kamachumu
14 Juni 2025

Kwako Zuena,

Sikujua kwamba dirishani palikuwa na mtu. Miaka arobaini na minne nimeamini kwamba tulikuwa watatu tu chumbani mle: mimi, uzi na Mungu.

Ni kweli. Nilijua Jumanne, kabla jua halijazama. Nakuandikia sasa yote, wala sitajitetea.

Kilichonipeleka kwenye tufe si haki yako. Ni hofu. Baada ya kipindi mkaguzi alinipa mkono akasema, "Una watoto wachangamfu," akaenda zake, na mimi nikakumbuka jambo analolijua mwanafunzi yeyote: mzunguko wa dunia ni kilomita elfu arobaini. Basi hakuna mahali pawili duniani panapotengana kwa zaidi ya elfu ishirini. Jibu langu lilikuwa refu kuliko nusu ya dunia! Lilikuwa jibu lisilowezekana, nami nilikuwa nimelipigia mstari mwekundu chini yake. Uzi ukaniambia kama futi ya baba yako ilivyokwambia.

Nilikuwa na Jumatano na Alhamisi za kusahihisha. Jumatano nilijiambia kwamba mkaguzi ataandika ripoti kuwa mwalimu wa Jiografia hajui dunia ni duara. Alhamisi dada yangu alikuja kutoka Muleba na mkungu wa ndizi na kuku wawili, kunishukuru kwa ajili ya Avit. Alikuwa mjane, Zuena. Alicheza ngoma uani. Ijumaa niliandika jina la mwanawe kwa mwandiko wangu mzuri, na karatasi yako, niliyoichukua tena siku ile darasani, nikaichoma jikoni.

Sasa nikueleze na nilichokuficha katika barua ya kwanza, maana umenifundisha kutoungama nusu. Tarehe 28 mwezi huu shule inafanya sherehe. Wamejenga chumba kipya cha Jiografia, chenye ramani na matufe sita, na wameamua kukiita kwa jina langu. Kibao kimeshachorwa. Mgeni rasmi ni Avit mwenyewe, ambaye amestaafu mwaka jana baada ya miaka arobaini ya kuongoza ndege. Barua ya mwaliko ndiyo iliyonikosesha usingizi mpaka nikakutafuta.

Nimekukosea mbele ya darasa, kweli. Lakini nimebakiwa na siku za kuhesabu. Nimekwambia wewe, nimemwambia padri. Je, haitoshi? Niache nizikwe kibanjani kwangu, kwenye migomba yangu, na jina langu. Nakuomba kama mzee wako.

B. Rugemalira


Miembeni
18 Juni 2025

Mzee Rugemalira,

Unaniomba nikuachie jina, wewe uliyechukua langu ukanipa la mwilini?

Nimepata kadi ya mwaliko. Sare mpya za kwaya nimeshona mimi. Nitakuja, nitakaa nyuma, nitakula pilau. Sitasema neno, usiogope. Nimenyamaza tangu nikiwa na miaka kumi na sita, saa tatu za sherehe hazitanishinda. Kusema ni kazi yako wewe.

Na dada yako asiwe kisingizio. Baba yangu naye angecheza. Alikuwa ameshaninunulia sanduku la safari.

Zuena


Kamachumu
25 Juni 2025

Zuena,

Hilo sanduku limenimaliza. Nimekaa nalo siku tano.

Mkono haushiki vizuri, nitaandika kwa ufupi. Sitaweza kuja. Jana nilijaribu kutoka kitandani hadi barazani, na Annastella akanirudisha amenibeba kama mtoto. Gari kwenda shuleni siliwezi.

Lakini nimeandika hotuba, kurasa nne, nikaifunga kwenye bahasha. Avit amefikia hapa kwangu tangu juzi. Nimempa na kumwambia: mjomba wako hawezi kusimama, utasoma wewe kwa niaba yangu, na usifungue mpaka uwe mbele ya watu.

Akaipima bahasha kwa mkono. Akaniandikia kwenye daftari langu, kwa sababu ndivyo tunavyoongea: "Mjomba, mbona nene hivi? Wageni watasinzia!"

Nikamwambia, "Hawatasinzia."

Hajui kilichomo. Hajui, nadhani, chochote. Ninamfanya asome kwa kinywa chake kwamba maisha yake yalianzia kwenye kiti cha mtu mwingine, tena siku anayoshangiliwa. Anaweza kuikunja akaitia mfukoni, akasema tu mjomba anawasalimu. Sitamlaumu. Sikukutumia nakala, maana ulisema kweli: kusema si kazi yako.

Ninaogopa kuliko ninavyoogopa kufa.

B.R.


Miembeni
29 Juni 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimefika nyumbani jana saa mbili za usiku, na asubuhi hii sijafungua duka. Annastella akusomee barua hii kwa sauti kubwa, hata majirani wasikie.

Nilikaa nyuma kama nilivyosema. Kwaya iliimba, sare ziliwakaa vizuri. Mkuu wa shule, Mama Restituta, alisifu, diwani alisifu, kisha akaitwa Avit. Sikuwa nimemwona tangu tumalize shule. Amenenepa, amevaa suti ya kijivu, na kipara kinang'aa. Akafungua bahasha yako mbele ya watu kama mia nne.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa shukrani, akausoma kwa madaha. Nikasema moyoni, mzee ameshindwa. Akafika ukurasa wa pili: "Mwanafunzi aliyestahili nafasi ile mwaka 1981 hakuwa mpwa wangu Avit, anayewasomea maneno haya."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai. Bibi mmoja pembeni yangu akauliza, "Waitu jamani, umeme umekatika?" maana alidhani kipaza sauti kimezima. Mama Restituta akaanza kuinuka. Nami nilikuwa nimeshika mkoba wangu, tayari kuondoka kabla sijamwona mtu mwingine akikunja karatasi hiyo.

Hakuikunja. Alivaa miwani akaendelea. Alisoma yote: rula, mkaguzi, uzi, Jumatano na Alhamisi, na mama yake akicheza uani. Hapo akanywa maji, akarudia sentensi tangu mwanzo. Alisoma na lile neno la kiuno. Nilikuwa nimejikaza kusubiri kicheko. Hakuna aliyecheka. Watoto mia tatu, wala mmoja!

Kisha akamaliza, na badala ya kuketi akasema ya kwake. Hili hulijui wewe, kwa hiyo nakuandikia kama lilivyotoka kinywani mwake:

"Mjomba anadhani nimelisikia jambo hili leo. Mimi nilijua wiki ya kwanza ya kozi. Mkufunzi alileta tufe, akavuta uzi kutoka mji mmoja hadi mwingine, na mimi nikatoka nje, sikurudi darasani siku hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikasema nikirudi nyumbani nitamwambia mjomba. Niliporudi nikamkuta anafurahi, nikanyamaza. Yeye alinificha mimi, nami nikamficha yeye, na kwa kila ndege niliyoiongoza miaka arobaini nilimwona Zuena na mpira wake. Yuko wapi Zuena? Yupo hapa?"

Mmekaa meza moja miaka yote hiyo, mnaandikiana kwenye daftari, kila mmoja akimlinda mwenzake na kitu kile kile. Nyie watu!

Nilisimama. Sikupanga kusimama. Nikasema, "Nipo. Na futi ninayo." Kweli nilikuwa nayo shingoni, nimezoea kuivaa hivyo, nilisahau kuivua nilipotoka dukani.

Hapo ndipo walipopiga kelele. Sijui niiandikeje. Walipiga meza, walipiga miguu, kwaya ikaacha mistari yake. Avit akashuka jukwaani akanishika mkono akanipeleka mbele, analia na kucheka, ananiambia, "Dada Zuena, twende ukamalizie kipindi chako." Msichana wa kidato cha tatu anayeitwa Kokushubila akakimbia kuleta mpira. Matufe sita yapo, lakini niliutaka mpira.

Nikawachorea Sydney, nikawachorea Santiago. Nikawaambia wapime kwanza kwa kufuata mstari ulionyooka kama wa ramani, kisha waiache futi ijilaze yenyewe pale inapopenda, fupi kuliko kote. Futi ikateleza kusini, kama ilivyofanya siku ile. Sentimita ishirini, na mpira wenyewe una sabini kuuzunguka. Kokushubila akapiga hesabu ubaoni na wenzake wakimsahihisha kwa kelele, na alipofika mwisho hakusoma yeye, walisoma wote, mia tatu:

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini!"

Avit akachukua kipaza sauti akasema, "Mimi nimefanya kazi hiyo, nathibitisha. Ndege inapita huko huko kusini, na abiria wakiwa na bahati wanaona barafu."

Kilichobaki ni kibao. Kilikuwa kimefunikwa kitambaa juu ya mlango, na watu wote wanatazamana, maana nani akifunue sasa? Mama Restituta akakifunua tu. Jina lako lilikuwepo, rangi nyeupe juu ya bluu. Mchoraji mwenyewe alikuwa bado yupo, anakula. Wakamwita. Akaja na brashi na sahani ya pilau, akauliza, "Nifute nini, niandike nini?" Diwani akasema lifutwe. Mwalimu mmoja akasema hapana, ni mzee wetu. Wakaanza kubishana. Mwishowe Mama Restituta akanigeukia akasema, "Aulizwe mwenyewe."

Nikamwambia mchoraji, "Jina la Mwalimu liache. Ameliokoa leo. Langu liandike juu yake, kwa herufi kubwa zaidi."

Walicheka, Mwalimu, na safari hii nilicheka nao. Akaliandika pale pale, na rangi ilichuruzika kidogo kwenye herufi Z kwa sababu watu walikuwa wanaisukuma ngazi yake. Sikutaka aifute.

Nimekusamehe. Nakuambia saa yenyewe: ni pale Avit aliposoma neno "nilijua" bila kushusha sauti.

Mama Restituta ameniomba niwe nakuja kila Alhamisi, kipindi cha saa nne, kidato cha tatu. Nimekubali. Sare zitasubiri.

Mwanafunzi wako,
Zuena Hamidi


Kamachumu
2 Julai 2025

Zuena,

Annastella amenisomea barua yako mara tatu akipiga kelele sikioni. Waliokuwa wakianika kahawa jirani wameacha kazi wakaja kusikiliza. Mara ya tatu walikuwa wanaitikia saa na dakika kabla hajazifikia. Avit amekaa miguuni pa kitanda. Daftari tumeliweka pembeni. Tumeshikana mikono tu, wazee wawili waongo, tunacheka kama watu waliofungwa wakaachiwa.

Nimelala usiku kucha. Sikumbuki lini mara ya mwisho.

Zuena, nimefundisha miaka thelathini na tatu, na jana nimegundua kwamba swali moja sikuwahi kuuliza. Mpira ule haukuwa na mistari wala namba. Ulijuaje mahali pa kuiweka Sydney? Ulijuaje pa kuiweka Santiago? Ulikuwa na miaka kumi na sita, hukuwa na tufe, lilikuwa limefungwa kabatini, na hesabu yako ilikuja sawa. Nimejaribu kulifumbua hapa kitandani kwa kutumia chungwa, nimeshindwa. Avit naye ameshindwa, na yeye ni mtu wa ndege.

Njoo kabla ya Alhamisi yako ya kwanza. Sikio la kushoto bado linasikia kidogo mtu akisogea karibu. Nimemwambia Annastella anikalishe kwa mito, na kwenye kiti cha mbele ya kitanda asikae mtu yeyote mpaka ufike. Nifundishe taratibu. Nisipoelewa, rudia.

B. Rugemalira